Likizo Lushoto: Pangeni safari kwa mwendo wa aliye dhaifu

Ilikuwa saa 8 usiku, katika nyumba ya wageni tuliyofikia nje kidogo ya mji wa Lushoto, mkoani Tanga. Mtoto wa dada yangu, wakati huo akiwa na miaka 7, aliamka akilia. Alikuwa ameshika magoti yote mawili, akisema mifupa inamuuma kwa ndani.

Nyumbani tunamwita Babu, kwa kuwa amerithi jina la marehemu baba yetu. Babu ana selimundu.

Dada alifungua begi kutafuta dawa. Vidonge vya foliki asidi vilikuwepo. Dawa za maumivu hazikuwepo. Zilikuwa zimebaki juu ya friji, Dar es Salaam. Dereva aliyetuleta alikwenda kulala kwa ndugu zake na simu yake ilikuwa imezimwa. Nje kulikuwa na ukungu mzito na baridi ambayo sisi wa Dar hatujaizoea. Mama yangu alivua khanga yake, akamviringisha mjukuu wake miguuni, tukawa tunamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto aliyotuchemshia mama mwenye nyumba, huku tukisubiri kupambazuke.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Alilazwa siku mbili, akatundikiwa dripu na kupewa dawa za maumivu. Likizo ya siku nne, ambayo familia nzima tuliichangia kwa miezi sita, ikaishia wodini.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu selimundu zaidi ya mara moja. Lakini siku ya kufunga mizigo, mimi ndiye niliyesema, "Lushoto si Kilimanjaro, masweta yote hayo ya nini?"

Desemba iliyopita tulirudi Lushoto, na Babu tulikuwa naye. Makala haya ni ya kila familia inayofikiria kwenda milimani ikiwa na mtoto mgonjwa, mzee mwenye shinikizo la damu au yeyote ambaye mwili wake hauendi sawa na wa wengine.

Tulikosea wapi?

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata anapochukua vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, hivyo si ajabu ukawa na mmoja katika ukoo wenu.

Kwa kawaida seli nyekundu za damu ni za mviringo na laini, hupita kwa urahisi hata kwenye mishipa myembamba. Kwa mwenye selimundu, seli hizo hukakamaa na kujipinda mfano wa mundu, hasa hewa ya oksijeni inapopungua mwilini. Zikikwama kwenye mishipa, sehemu iliyo mbele hukosa damu ya kutosha, na hapo ndipo maumivu makali huanza.

Yapo mambo yanayojulikana kuchochea hali hiyo: baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu mkubwa, maambukizi na kwenda sehemu za juu sana zenye oksijeni kidogo. Nikirudisha kumbukumbu ya safari ile, ndani ya siku moja tulimkutanisha Babu na matatu kati ya hayo.

Tulisafiri Juni, katikati ya kipupwe. Tuliondoka Dar saa 11 alfajiri, na ili gari lisisimame kila mara tuliwaambia watoto wasinywe maji mengi. Babu ni mtoto msikivu. Alikunywa kidogo sana mpaka tunafika Mombo. Tulipofika Soni, watoto waliteremka mtoni, wakavua viatu na kucheza kwenye maji ya baridi karibu saa nzima. Jioni tukapanda kilima kwa miguu kwenda kuangalia machweo. Usiku akalala na binamu zake wawili chini ya blanketi moja, na kila mmoja akilivutia kwake.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa ajali. Tulipanga safari kwa ajili ya watu wazima wenye afya, kisha tukamwingiza mtoto mgonjwa ndani yake.

Kwa nini Usambara tena?

Dada alikuwa ameapa. "Mlima nimeuona, mdogo wangu. Mwanangu haendi tena," aliniambia tulipoanza kuzungumzia likizo ya Desemba. Tukapendekeza wengine waende, yeye na mwanawe wabaki. Babu alikuwa amekaa mlangoni, tukidhani yuko kwenye katuni zake. Akauliza, "Mama mdogo, kwa hiyo mimi nikiumwa ndiyo sitakwenda popote?"

Hakuna aliyemjibu siku hiyo. Wiki iliyofuata, dada alikwenda naye kliniki ya selimundu na kumuuliza daktari wake swali ambalo mara ya kwanza hatukuuliza: anaweza kwenda, na kwa masharti gani?

Jibu lilianza na kimo. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, na huko mwenye selimundu hashauriwi kabisa kupanda. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilele virefu vya Usambara Magharibi viko kwenye mita 2,300 hivi. Ugonjwa wa kimo kwa watu wengi huanza juu ya mita 2,500. Daktari aliturhusu kulala Lushoto, lakini akatukataza kumpandisha mtoto kwenye vilele, na akasisitiza kuhusu maji, joto na mapumziko. Ruhusa hiyo ilikuwa ya Babu, kwa hali yake ya wakati ule. Mwenye mgonjwa wake anapaswa kumuuliza daktari wake.

Kwa familia zetu, milima hii ina faida nyingine. Watalii wengi hupita Mombo wakikimbilia Moshi na Arusha bila kukunja kona. Anayekunja hupanda barabara ya lami ya kilomita 33 hivi, yenye kona nyingi, na kuingia katika moja ya sehemu nzuri za nchi hii. Usambara ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, yenye misitu mikongwe na mimea na wanyama ambao hawapatikani kwingine duniani. Wajerumani waliipenda hali ya hewa yake, wakauita mji wa Lushoto Wilhelmsthal. Leo ndiko zinakotoka kabichi, karoti, viazi, plamu na pea nyingi zinazouzwa kwenye masoko ya Dar es Salaam. Huhitaji vifaa vya kupandia mlima, na unaweza kufika kwa basi la abiria kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi.

Anzeni na watu, mahali baadaye

Safari hii tulikaa na daftari kabla ya kupiga simu yoyote ya vyumba. Tuliandika majina ya wote tisa na mbele ya kila jina tukaandika hali ya mwili wake. Babu, selimundu. Mama, shinikizo la damu na magoti. Mtoto wa kaka, kutapika kwenye gari. Mimi mwenyewe, pumu ambayo huamka nikipata baridi.

Orodha hiyo ilitushangaza. Katika watu tisa, wanne walikuwa na jambo la kuangaliwa. Ukiketi na familia yako, huenda nawe ukakuta hivyohivyo.

Kwa kila mmoja tukajiuliza maswali matatu: nini kinachoweza kumwamsha ugonjwa wake huko, dawa gani lazima awe nayo, na nani atamwangalia? Mama alipimwa presha wiki moja kabla, akachukua dawa za kutosha siku zote na nyingine za ziada. Wazee wengine huacha kunywa dawa ya presha siku ya safari kwa kuogopa kwenda haja ndogo njiani. Usimruhusu mzee wako kufanya hivyo. Panga vituo vya kusimama.

Mwezi gani?

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za vijijini huteleza na mvua kubwa huweza kuporomosha udongo. Juni hadi Agosti ni kikavu zaidi, lakini ndiyo miezi ya baridi. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi na asubuhi ukungu hufunika kila kitu. Kwa kijana mwenye afya ni burudani. Kwa Babu, miezi hiyo tuliifuta.

Tulichagua wiki ya mwisho ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mchana kunakuwa na joto la wastani na ndio wakati plamu zinaiva. Mvua za vuli zinaweza kuwa bado hazijaisha, kwa hiyo tulibeba makoti ya mvua na kumuuliza mwenyeji wetu hali ya barabara siku mbili kabla ya kuondoka. Sikukuu hufanya vyumba na nauli kuwa vya shida, hivyo weka nafasi mapema.

Njiani: maji na kona

Kila mtoto alikuwa na chupa yake ya maji yenye jina. Sheria ilikuwa kwamba chupa ya Babu iwe tupu kabla ya kufika Segera, ijazwe, na iwe tupu tena kabla ya Mombo. Tulisimama mara tano. Tulichelewa saa moja na nusu kuliko safari ya kwanza, na hakuna aliyelalamika isipokuwa dereva.

Mombo ni bonde lenye joto kali. Ndani ya saa moja unapanda karibu mita 1,000 na hewa inabadilika. Hapo ndipo pa kuvaa sweta, kabla mtoto hajaanza kutetemeka. Anayetapika akae mbele, aangalie barabara mbali, asichezee simu, na awe amekula kitu chepesi kama mkate mkavu au ndizi. Mkumbushe dereva kwamba hakuna mashindano kwenye zile kona.

Kuhusu malaria, ni kweli mbu ni wachache kwenye baridi ya mlimani, lakini njia nzima ya Korogwe na Mombo ni ukanda wa malaria. Kwa mwenye selimundu malaria ni hatari kubwa. Babu hakukatisha dawa zake za kinga alizopewa kliniki, na alilala ndani ya chandarua kila usiku.

Chumba, blanketi na jiko la mkaa

Ukipiga simu kuulizia chumba, usiishie kwenye bei. Uliza: blanketi ni ngapi kwa kitanda? Maji ya moto yapo saa zote? Gari linafika mlangoni? Kuna mtu wa kufungua geti usiku? Sisi tuliacha sehemu mbili zenye bei nafuu kwa sababu gari lingeishia barabarani, na kutoka hapo ni kupanda ngazi za udongo.

Babu alikuwa na kitanda chake, soksi mbili mbili, kofia ya uzi na nguo za kuvaa kwa tabaka. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa pamoja hutunza joto vizuri, na mtoto akitoka jasho unampunguzia moja. Jasho likikaukia mwilini huleta baridi upya, hivyo tulibeba fulana za kubadilisha.

Nisisitize jambo moja ambalo huua watu wasio na ugonjwa wowote. Katika ile safari ya kwanza, mama mwenye nyumba kwa wema wake alitaka kutuingizia jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Mama yangu alikataa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Chemsheni maji jikoni, tieni kwenye chupa ngumu, ifungeni kwa kitambaa na kuiweka kitandani. Jiko libaki nje, hata kama makaa yanaonekana kama yamezima.

Matembezi ya watoto na wazee

Kila siku tulipanga jambo moja tu. Asubuhi hatukutoka kabla jua halijapasha hewa, na saa 10 jioni tulikuwa tumerudi. Kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba tulikwenda na mwongozaji mwenyeji, tukamweleza tangu mwanzo kwamba tunaye mtoto asiyepaswa kuchoka na bibi mwenye magoti. Alituchagulia njia fupi isiyo na mwinuko mkali. Ukitaka kuingia msituni, uliza mapema ada na utaratibu wa malipo kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Viwango vya Watanzania ni vya chini kuliko vya wageni.

Tuliona mbega weusi wenye manyoya meupe wakirukaruka juu ya miti. Baada ya dakika 40 hivi, Babu alikaa juu ya gogo, akasema amechoka. Binamu zake walitaka kuendelea. Mmoja akanung'unika kwamba kila mara tunarudi kwa sababu yake, na Babu akasikia.

Dada alitaka kumkemea. Mama akamwambia amwache, kisha akajishika goti na kusema kwa sauti, "Jamani, hata mimi mwenzenu nimechoka. Nani ananisindikiza?" Babu alisimama, akamshika bibi yake mkono. Wakarudi wawili hao pamoja na dada, na sisi wengine tukaendelea kwa nusu saa. Tangu siku hiyo tukawa na kikundi cha mbele na kikundi cha Bibi, na kila mtoto alipewa zamu katika kikundi cha Bibi.

Mtoni tuliwaruhusu watoto kutazama na kurusha mawe. Babu hakuingia kwenye maji. Alinuna kidogo, kisha akapewa kazi ya kupiga picha.

Mpango wa usiku wa manane

Kabla ya kulala siku ya kwanza tulihakikisha mambo haya:

- Dawa ziko kwenye mabegi mawili tofauti. Begi moja likipotea, jingine lipo.
- Kadi ya kliniki, kadi ya bima ya afya na karatasi yenye majina na dozi za dawa viko kwenye mkoba mmoja.
- Tunajua hospitali ya karibu inayopokea wagonjwa usiku na inayokubali bima yetu. Tulipita kuiona mchana, ili tusiitafute gizani.
- Dereva analala hapohapo, na tunayo namba ya dereva mwingine mwenyeji.
- Kipimajoto kipo na kinafanya kazi.

Kwa mtoto mwenye selimundu, joto la mwili likifika nyuzi 38, nenda hospitali hapohapo, usisubiri asubuhi. Hali kadhalika akipata maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, akilegea mkono au mguu upande mmoja, au maumivu yasipotulia kwa dawa alizoandikiwa. Usimpe dawa za maumivu za kununua tu dukani bila daktari wake kuzijua.

Siku ya Irente

Siku ya mwisho tulikwenda Irente, kilomita chache kutoka mjini, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na chini yake ni tambarare. Njiani tulinunua jibini na mkate kwenye shamba la Irente. Gari lilitusogeza karibu, sehemu iliyobaki tukatembea polepole nyuma ya Mama. Kule ukingoni kila mtu mzima alishika mkono wa mtoto mmoja, kwa sababu mwamba ule hauna huruma.

Babu alikuwa amevaa jaketi, kofia na soksi mbili. Alikunywa maji yake, akaangalia bonde kwa muda mrefu, kisha akamwonyesha mama yake barabara nyembamba chini kabisa na kuuliza kama ndiyo tuliyopita. Dada akamwambia ndiyo. "Mbali," akasema.

Usiku ule dada hakulala vizuri. Aliamka mara tatu kumshika miguu kama ina baridi. Saa 8 ilipita, ikapita saa 9. Asubuhi Babu ndiye aliyetuamsha, akiulizia plamu zilizobaki.

Tumekubaliana mwaka huu tuanze kuchanga mapema, na Mama anataka tukaone Mtae. Dada hajasema ndiyo. Amesema kwanza ataongea na daktari kliniki, kisha atatupa jibu. Safari hii hakuna aliyemharakisha.